Mnaodai "kodi ya chipsi" kila msimu wa bajeti, mmewahi kuchungulia karai?

Wakuu, salaam.

Kila bajeti ikikaribia kusomwa Dodoma, hoja ileile inafufuka: vyakula vya mafuta vipigwe kodi, watu wapone presha na kisukari. Mleta hoja anabandika picha ya chipsi mayai, anapigiwa makofi, anasepa. Anatozwa nani? Kwa kipimo gani? Inakusanywa wapi? Kimya. Na wanaoshangilia ni watu wa Dar hawahawa wanaopita mbele ya karai kila jioni.

Tuanzie kwenye karai basi. Chipsi nyingi za mji huu zinatoka kwenye kibanda cha kioo pembeni ya barabara, Manzese, Mbagala, Gongo la Mboto. Mwenye kibanda hajafikia kiwango cha kusajiliwa VAT, hana EFD (mashine ya risiti za kodi), na sahani yake haina lebo ya gramu. Kwa hiyo "tozeni chipsi" maana yake ni tozeni migahawa michache yenye risiti. Kerala kule India walifanya hivyohivyo 2016: asilimia 14.5 kwenye baga, piza na ndugu zake, lakini kwa migahawa yenye jina kubwa tu. Vya kukaanga vya mtaani vikabaki salama kwenye karai lake.

Mnasema basi twende juu, tutoze mafuta bandarini na kiwandani. Sawa, huko angalau pana mlango. Ila mtatoza kwa hesabu ipi? Mafuta mengi ya kukaangia hapa mjini ni ya mawese, na karibu nusu ya mawese ni mafuta yanayoganda, yale yanayopandisha kolesteroli mbaya. Alizeti ina kama asilimia 11 tu. Chukulia dumu la lita 20 la mawese ni 100,000 na la alizeti ni 120,000 (ni mfano, msianze kubishana bei za Kariakoo). Kodi ya asilimia 10 ya bei inaongeza 10,000 kwenye mawese na 12,000 kwenye alizeti. Yaani umemkomoa mkulima wa Singida, na pengo la bei limetoka 20,000 likawa 22,000. Mteja ataenda wapi? Kwenye mawese!

Denmark hawakuwa wajinga kiasi hicho. Oktoba 2011 walianza kutoza uzito wa mafuta yanayoganda yenyewe: krona 16 kwa kilo, kwa vyakula vyenye zaidi ya asilimia 2.3. Lipeleke dumu letu kwenye hesabu hiyo. Lita 20 ni kama kilo 18. Mawese yamebeba kilo 9 za mafuta yanayoganda, kodi krona 144. Alizeti imebeba kilo 2, krona 32. Hapo kodi inatofautisha kitu na kitu. Na bado waliifuta, ikakoma Januari 1, 2013, kwa sababu siagi, jibini na nyama vyote vilitaka hesabu yake, na watu wakawa wanavuka mpaka kwenda kununua Ujerumani. Hiyo ni nchi ambayo kila pakiti ina lebo. Sisi tuna mafuta ya kupima, robo lita kwenye chupa ya maji. Halafu kwa kipimo hichohicho nazi ingekuwa mshtakiwa namba moja, maana mafuta yake yanaganda kwa zaidi ya asilimia 80. Nani yuko tayari kumfuata mama anayekuna nazi Buguruni? Msijibu.

Sasa kuna dhara ambalo washabiki wa kodi hawaliandiki kabisa. Dumu likipanda, muuza chipsi hapandishi sahani kesho yake. Sahani ya 2,000 haiwezi kuwa 2,130. Itaruka hadi 2,500, na mteja atahamia kibanda cha jirani. Kwa hiyo anabana kwenye mafuta: ya juzi yanaendelea, yakipungua anatia nusu lita juu yake, maisha yanasonga.

Mafuta yanachoshwa na joto, hewa, maji na makombo. Viazi vikitoka kwenye ndoo vinachuruzika na kuingia karaini, maji yale yanayavunja mafuta na kuzalisha asidi, na mafuta yenye asidi nyingi yanatoa moshi mapema. Chumvi ikimwagwa juu ya karai inaongeza kasi. Makombo meusi ya chini yanaungua upya kila moto unapowashwa. Na mafuta mapya yakitiwa juu ya yaliyochoka hayayaokoi. Yaliyochoka ndiyo yanayoyaharibu mapya. Dalili zinaonekana kwa macho: rangi nzito ya kahawia, povu dogodogo lisilotulia hata viazi vikishatolewa, moshi kabla hujatia kitu, na nata pembezoni mwa karai. Ufaransa wameweka kikomo: vile viambata vinavyotokana na mafuta kuvunjika vikizidi asilimia 25, mafuta hayo hayafai tena kwa chakula. Kwetu bwana afya akipita anauliza cheti cha kupimwa, aproni na pipa la taka. Karai haliinamii.

Joto nalo hakuna analolitaja. Karai la nyuzi 170 hadi 180 linakausha ngozi ya chipsi haraka. Mkaa ukizubaa, joto likashuka chini ya 160, chipsi inakaa muda mrefu na inatoka imelewa mafuta, ile inayolowesha mfuko kabla hujafika kituo cha daladala. Tena sehemu kubwa ya mafuta huingia chipsi ikishatolewa na kuanza kupoa, ndiyo maana kung'uta chujio pale pale juu ya karai kuna maana kuliko watu wanavyodhani. Kodi gani itakung'utia chujio?

Mkitaka kodi yenye akili, nendeni kwenye soda. Tayari inalipa ushuru wa bidhaa kiwandani na ina stempu ya kielektroniki. Kasoro ni kwamba ushuru unahesabu lita, hauhesabu sukari. Uingereza tangu Aprili 2018 walianza na peni 18 kwa lita kuanzia gramu 5 za sukari kwa mililita 100, na peni 24 kuanzia gramu 8. Chini ya 5, sifuri. Walitangaza 2016, viwanda vikapewa miaka miwili, na vingi vikapunguza sukari kabla ya siku yenyewe. Afrika Kusini nao, mwaka huohuo wa 2018, senti 2.1 kwa kila gramu ya sukari inayozidi 4 kwa mililita 100.

Na yale mafuta ya trans, yanayotokea mafuta ya maji yakigandishwa kiwandani, ya kwenye baadhi ya majarini, keki na biskuti? Hayo hayahitaji kodi, yanahitaji kikomo. WHO inapendekeza yasizidi gramu 2 kwa kila gramu 100 za mafuta. Denmark haohao waliweka kikomo hicho 2003, na hicho hawakukifuta.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini ananirushia Mexico. Ndiyo, 2014 waliweka asilimia 8 kwenye vyakula visivyo vya lazima vyenye kilokalori 275 au zaidi kwa gramu 100, na manunuzi yakashuka kama asilimia 5 mwaka wa kwanza. Ila ni vya pakiti, vyenye lebo. Soma tena aya ya kibanda cha kioo.

NYONGEZA 2: Wanaouliza kibanda kifanye nini bila gharama. Kausha viazi kwa kitambaa safi kabla ya kukaanga. Chumvi itiwe kwenye sahani. Usiku mafuta yakishapoa yachujwe kwa kitambaa, yafunikwe, yasilale karaini. Povu likigoma kutulia, usiongezee, toa yote. Wapo watengeneza sabuni wanaoyachukua. Na usimwage mtaroni, yanaganda na kuziba.

Mods, tafadhali msiuunganishe uzi huu na ule wa bei ya sukari.