Besi kwenye E-flati na A-flati: do naipata, kisha napotea

besi_kondele (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Napiga gitaa la besi la nyuzi nne (E, A, D, G) kwenye kwaya hapa Kondele. Ki (yaani noti ambayo wimbo unaifanya do) za G, C na D hazinisumbui. Nina maswali matatu.

La kwanza, mwimbishaji wetu haanzi kwa kinanda. Anaanza tu, na mara nyingi tunaangukia E-flati au A-flati (semitoni moja chini ya E na ya A). Do naipata, lakini zinazofuata zinanitoroka. La pili, tukiwa G, ikifika kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya E maina napiga E, G-shapu (semitoni moja juu ya G), B na inalia vibaya kabisa. Kwani hizo si noti za E? La tatu, kuna nyimbo ambazo nina hakika nimeshika ki, ila kuna noti moja inagongana na kwaya kila nikiipitia.

Naomba majibu ya freti (vile vijisehemu vya shingo ya gitaa) na vidole.

mwalimu_wa_solfa (Nakuru)

Ndugu, G, C na D zinakubeba kwa sababu umezoea kuegemea nyuzi wazi (zisizobonyezwa). Ukifika E-flati nyuzi hizo zinakuacha: D na G wazi zimo ndani ya ki, E na A wazi hazimo. Kwenye A-flati inabaki G peke yake. Kwa hiyo jifunze umbo lisilo na uzi wazi hata mmoja, kisha ulihamishe.

Skeli ya meja (ngazi ya noti kutoka do hadi do ya juu) inapanda hivi: toni, toni, semitoni, toni, toni, toni, semitoni. Freti moja ni semitoni, freti mbili ni toni. Semitoni ziko mahali pawili tu, mi kwenda fa na ti kwenda do.

Weka kidole cha kati kwenye uzi wa A, freti ya 6. Hiyo ndiyo E-flati, do yako. Kidole cha mwisho freti ya 8: re. Hamia uzi wa D: cha shahada freti ya 5 (mi), cha kati 6 (fa), cha mwisho 8 (so). Uzi wa G: cha shahada 5 (la), cha pete 7 (ti), cha mwisho 8 (do ya juu). Mkono haujahama hata kidogo, freti nne zimetosha skeli nzima.

A-flati ni umbo lilelile, ila kidole cha kati kinakaa uzi wa E, freti ya 4. Kwaya ikipandisha semitoni katikati ya wimbo, kama wanavyopenda kwenye ubeti wa mwisho, unasogeza mkono freti moja na vidole havibadiliki. Aliyekuwa anapiga G kwa nyuzi wazi hapo ndipo anapoachwa.

Halafu shika ramani hii kwa mkono bila kuhesabu. Fa iko uzi unaofuata, freti ileile ya do. So iko uzi huohuo wa fa, freti mbili mbele. So ya chini iko uzi wa nyuma, freti ileile ya do. La ya chini iko uzi wa do, freti tatu nyuma. Kwa E-flati: fa ni uzi wa D freti ya 6, so ni D freti ya 8 au E freti ya 6, la ni A freti ya 3. Benga yenyewe, iliyozaliwa huko kwenu Nyanza, nyimbo zake nyingi zinazunguka do, fa na so. Ramani hii ikikaa mkononi, umeshapata sehemu kubwa ya kazi.

nyuzi_nne (Eldoret)

Nijibu la E maina, maana linawasumbua wengi.

Ukiwa G, E ni la. Kodi ya la inajengwa kwa kuruka noti moja moja ndani ya skeli ya G: la, do, mi, yaani E, G, B. G-shapu haimo kwenye ki ya G. Ulichopiga ni E meja, na kinanda kinapiga G wakati wewe unapiga G-shapu. Noti mbili zilizoachana semitoni moja zikigongana chini kwenye besi zinasikika kama tope, hata asiyejua muziki atageuka kuangalia.

Ndani ya ki yoyote ya meja: do, fa na so ni kodi za meja, re, mi na la ni za maina. Ya ti ni dimi (maina ambayo noti yake ya tano imeshushwa semitoni), haiji mara nyingi. Kwenye meja noti ya kati iko freti nne juu ya mzizi (noti yenye jina la kodi), kwenye maina ni freti tatu. Kama hujui ni ipi, piga mzizi na ya tano yake (uzi unaofuata, freti mbili mbele) na uiache ya kati. Hutakosea kwa meja wala kwa maina.

kinanda_kakamega

Swali la tatu: nadhani unashika so ukidhani ni do. C na G zinatofautiana kwa noti moja tu, F na F-shapu. Wimbo ukiwa C nawe ukapiga skeli ya G, noti sita zitakubali, ya saba itagombana na fa ya kwaya. Hiyo ndiyo unayoisikia.

Namna ya kupima: punguza sauti ya besi, tafuta noti ambayo wimbo ungeweza kuishia bila kuacha deni. Kisha mstari ukifika mwisho jaribu hiyo noti, halafu jaribu fa yake. Ikiwa fa inatulia kuliko ile uliyodhani ni do, basi hiyo fa ndiyo do, hamia hapo.

Na mchunguze mpiga kinanda. Wengi wetu tunabonyeza transpozi (kitufe cha kuhamisha ki) +3, vidole vinapiga C, spika inatoa E-flati. Ukimuuliza "unapiga nini?" atasema C, na atakuwa mkweli. Muulize "inalia nini?" Gitaa lenye kapo (kibanio cha nyuzi shingoni) ni vilevile: umbo la G, kapo freti ya 3, linalia B-flati.

besi_kondele (Kisumu)

Asanteni sana, hilo la fa limeeleweka. Lakini nyuzi_nne, kuna wimbo wa G ambapo kinanda kinapiga E meja kabisa, na G-shapu inakubali. Sasa hiyo ni nini?

nyuzi_nne (Eldoret)

Angalia kodi inayofuata. Mara nyingi ni A maina. E meja imeazimwa kutoka ki ya A maina ili isukume kwenda A: G-shapu iko freti moja chini ya A na inataka kupanda. Kodi hiyo inapolia fuata kodi, si skeli. Piga E, kisha G-shapu (uzi wa E, freti ya 4) kwenye pigo la mwisho, na utue A freti ya 5. Kodi ikipita, rudi kwenye G ya kawaida. Wimbo ukiwa A maina wenyewe utaikuta hivyohivyo: noti ni zile za C meja, ila kodi ya E mara nyingi hufanywa meja ili irudi nyumbani kwa nguvu.

mwalimu_wa_solfa (Nakuru)

Niongeze moja kuhusu E-flati na A-flati. Uzi wa E au A ukiachiwa hutetemeka wenyewe ukipiga nyuzi za juu, na noti yake haimo kwenye ki. Kwenye ampu kubwa inasikika kama uko nje ya tyuni ilhali vidole viko sawa. Ukiwa uzi wa D au G, lalisha kidole gumba cha mkono wa kulia juu ya E, na kidole cha pete cha mkono huohuo kiguse A. Zoezi: E-flati kupanda na kushuka, metronomu 60, noti moja kwa pigo, ukisikiliza kama kuna mngurumo chini baada ya kila noti. Ukiupata, gumba limeinuka.