Naomba ushauri: mtoto wa miaka 6 anatakiwa kuanza mionzi ya kichwa

Habari zenu ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Binti yangu ana miaka 6, alikuwa anaumwa kichwa kila asubuhi na kutapika, tukatibu malaria, tukatibu minyoo, mpaka alipoanza kuyumba akitembea ndo MRI ikaonyesha uvimbe kisogoni. Operesheni kafanyiwa wiki 3 zilizopita, majibu ya kinyama ni medulloblastoma, aina ya saratani ya ubongo. Sasa tuna rufaa ya Ocean Road, hospitali ya saratani Dar, aanze mionzi, kichwa chote na uti wa mgongo halafu dozi ya kuongezea pale uvimbe ulipokuwa, siku 5 kwa wiki kama wiki 6 hivi. Daktari katuelewesha, saratani hii inasambaa kupitia maji ya uti wa mgongo ndo maana hawapigi sehemu moja tu.

Shida ni kwamba anatakiwa alale tuli na barakoa ngumu imembana uso, na mtoto huyu hata MRI ilibidi alazwe usingizi. Nyumbani nimejaribu kumwekea kitambaa chepesi usoni tunahesabu hadi 100, akifika 30 analia, roho inaniuma jamani.

Mliopitia hili, mtoto mlimzoeshaje barakoa, au mlikubali nusu kaputi kila siku?

La pili, shemeji anasema tuchangishane kwanza twende India kwenye mionzi ya protoni, maana ile inaishia kwenye uvimbe haipenyi kwenda mbele. Mimi naogopa kuchelewa, tumeambiwa baada ya operesheni hizi zisipite wiki nyingi. Kuna aliyefuatilia safari hiyo, ilimchukua muda gani mpaka mtoto kuanza?