Tupeane uzoefu: ulijuaje kama chuo ulichokitaka utakipata?

Assalaam alaykum. Mdogo wangu kamaliza kidato cha sita huku Wete, PCB (Fizikia, Kemia na Bayolojia), kapata B ya Bayolojia na C mbili. Kwa hesabu ya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ni pointi 10, maana A ni 5, B 4, C 3. Kitabu cha mwongozo kinasema udaktari zinatosha D tatu, yaani pointi 6. Basi nyumbani washaanza kumwita Dokta, na mama keshaulizia nauli ya boti. Mie roho haijatulia. Mliopita njia hii, mlijipimaje? Semeni yaliyowakuta wenyewe, sio ya kusikia.

Wa Tunguu: Wa alaykum salaam. Watulize hao wa nyumbani kwanza. Mie nilikuwa na 10 hizohizo. Nikaona zinatakiwa 6, nina nne za ziada, nikaomba udaktari Muhimbili peke yake, chuo cha pili sikuweka. Kumbe zile 6 zinakupa ruhusa ya kupanga foleni tu, na foleni inapangwa kwa alama. Nchi nzima iko humo, wenye A tatu wamejaa. Kwenye kitabu hichohicho kuna safu ya idadi ya nafasi kwa kila kozi. Niliipita kama siioni. Wala sikumuuliza mtu aliyeingia mwaka wa nyuma alikuwa na pointi ngapi, na mmoja tulikuwa tunaswali naye msikiti mmoja! Awamu ya pili ilipofunguliwa, kozi niliyoitaka imeshajaa. Nikachukua kozi nyingine ya afya hapa SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Naipenda sasa, ila ule mwezi wa kusubiri sikuwa nalala. Mwambie aombe hiyo anayoiota, na chini yake aweke mbili ambazo pointi 10 ni nyingi.

Kijana wa Fuoni: Mie niliomba Bweleo, tawi la IIT Madras, chuo cha teknolojia cha India. Kule cheti hakitoshi, kuna mtihani wa mchujo kisha usaili. Nilikuwa na A ya hesabu nikajiona nimeshaingia. Nikakaa na karatasi za mazoezi, saa mbele yangu: nusu ya maswali nayajua na nusu ya hayo sikuyamaliza. Hapo ndo nikajua nilipo. Nikajifungia wiki kadhaa, na alhamdulillahi nilipita. Hicho ndo kipimo nilichokiamini, jipe mtihani mwenyewe kabla hujapewa.

Mama Chake: Wangu alikosa, akasoma stashahada kwanza. Akatoka na GPA, yaani wastani wa alama, juu ya 3.0, akaomba shahada kwa njia hiyo. Miaka imeongezeka, lakini kaingia.

Yakhe wa Mkoani: Nyote mnasema pointi, hamsemi simu. Nilichaguliwa vyuo viwili, ikabidi nithibitishe kimoja kwa msimbo (code) unaotumwa kwa ujumbe wa simu. Namba niliyojazia ilikuwa ya kaka, keshaitupa laini. Siku ya mwisho niko kwenye duka la intaneti natoka jasho. Muulize mdogo wako kajaza namba ya nani.

Mwenye mada: Nimemuuliza sasa hivi. Kajaza ya ami. Na ami yuko dago, kambi ya wavuvi, tangu Ijumaa.