Mjadala: Je, zahanati ya kabila ikataze moshi wote, hata wa tumbaku ya ibada?

Mleta hoja

Ndugu zangu, hoja yangu inatoka Marekani, lakini wamo watu wetu wanaofanya kazi kwenye zahanati za wenyeji wa asili kule, na jambo hili wanakutana nalo kila siku. Makabila yanayotambuliwa na serikali ya Marekani yanazidi 570. Tangu ipitishwe sheria ya mwaka 1975, kabila linaweza kuchukua zahanati iliyokuwa ya serikali kuu na kuiendesha lenyewe. Na kwa kuwa sheria za jimbo kwa kawaida hazina nguvu juu ya ardhi ya kabila, katazo la sigara la jimbo huishia mpakani. Kama mgonjwa wa pumu atapita mlangoni katikati ya wavutaji watano au atapita penye hewa safi, anayeamua ni baraza la kabila, si gavana.

Msimamo wangu ni huu: sigara isiwashwe popote kuanzia getini. Si ndani, si kwenye ngazi, si kwenye gari lililoegeshwa. Wenyeji hawa ndio wanaoongoza kwa kuvuta sigara kati ya jamii zote za Marekani, na kisukari kimewaandama vilevile. Mguu wenye kidonda cha kisukari na sigara havipatani kabisa, kwa sababu sigara hubana mishipa na damu haifiki vya kutosha kwenye kidonda.

Wala si jambo geni. Hospitali ya Keams Canyon, Arizona, katika ardhi ya Wahopi, ilipiga marufuku sigara ndani ya jengo mwaka 1983. Wakati huo abiria wa ndege za Marekani bado walikuwa wanavuta wakiwa angani. Iliyotangulia ni hospitali ya wenyeji.

Mchangiaji wa pili

Dada, naunga mkono hoja, ila umeacha mlango wazi. Sijasikia ukitamka tumbaku ya ibada. Mapafu ya mtoto hayaulizi kama moshi umeombewa dua. Ripoti ya Daktari Mkuu wa Serikali ya Marekani ya mwaka 2006 ilisema hakuna kiwango salama cha moshi wa mwenzio, na kwamba kutenga wavutaji au kufunga mitambo ya kupitisha hewa hakuondoi madhara. Kama chumba cha wavutaji hakikubaliki, chumba cha ibada kimekuwaje halali? Na mtungi wa oksijeni ukiwa karibu na kaa la moto hautofautishi mchungaji na mlevi.

Mimi nasema zahanati ni zahanati. Ibada ifanyike nyumbani.

Mchangiaji wa tatu

Kaka, hapo kwenye "ifanyike nyumbani" ndipo penye donda. Mwaka 1883 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kuzifanya ngoma na ibada za wenyeji kuwa makosa ya kuadhibiwa, na waganga wao walitajwa humo kama wahalifu. Sheria ya kulinda uhuru wao wa dini haikuja mpaka mwaka 1978. Mzee wa miaka themanini leo alikuwa mtu mzima kabla ya sheria hiyo. Ukimwambia tumbaku yake haitakiwi hospitalini, anayasikia maneno yale yale aliyoambiwa baba yake.

Halafu tunachanganya vitu viwili kwa sababu jina ni moja. Kwa Waojibwe wa kule Minnesota na Maziwa Makuu, tumbaku huitwa asemaa, nayo ni ya kwanza kati ya dawa nne takatifu. Mara nyingi haichomwi kabisa. Huwekwa chini ya mti au majini ukishukuru, au hupewa mzee mkononi kabla ya kumwomba ushauri. Kiko kinapowashwa, mara nyingi moshi haushushwi mapafuni, hupandishwa juu pamoja na dua. Pakiti ya dukani ni kitu kingine, ndiyo maana watu wa afya wa makabila haya husema "tumbaku ya biashara" wanapotaja adui wao. Sisi wa pwani tunapaswa kulielewa hili upesi. Nani kwetu anaweza kuona ubani kwenye chetezo, mbele ya maiti, akauita uvutaji?

Mchangiaji wa nne

Mimi ni muuguzi, nimefanya kazi kwenye zahanati ya kabila ambayo sitaitaja. Mnajadili dini, mimi nawaletea habari za geti.

Katazo lilipoanza tulibandika mabango, basi. Hakuna aliyetoa plasta za nikotini, zile za kubandika ngozini kupunguza hamu ya sigara, hakuna aliyefundishwa namna ya kuongea na mzee. Matokeo yake wagonjwa walitoka nje ya geti wakasimama kando ya barabara kuu, usiku, baridi ikiuma, mmoja akiwa na kitembezi chake. Na sisi wafanyakazi? Mwenzangu wa zamu ya usiku alikuwa anavutia kwenye gari lake, anarudi wodini na moshi kwenye sare, anamwinamia mtoto mwenye kifua kumpima joto. Sisemi ni mtu mbaya. Alikuwa amejaribu kuacha mara tatu peke yake.

Kilichosaidia ni mambo madogo. Plasta ilianza kutolewa mapokezi siku ile ile mgonjwa analazwa, bila kungoja aombe. Wafanyakazi nao wakapewa. Na kazi ya kumwendea mzee aliyewasha sigara akapewa mama mmoja wa kabila lao, mtu mzima, aliyemwita babu na kuketi naye kabla ya kusema lolote. Mimi mgeni ningemwambia "hairuhusiwi" na kumdhalilisha mbele ya wajukuu.

Mleta hoja

Muuguzi, umenigusa. Niliandika "kuanzia getini" bila kufikiria upande wa pili wa geti kuna nini.

Kaka wa pili, hofu yako kwamba upenyo mmoja utaharibu sheria nzima naiheshimu, ila tazama Wanavajo, kabila jingine la wenyeji hao. Baraza lao lilipitisha katazo mwaka 2008, rais wao Joe Shirley akalipinga. Mwaka 2011 likapita tena, Ben Shelly naye akalikataa. Mabishano makubwa yalihusu mapato ya kasino, si ibada. Novemba 2021 Jonathan Nez alitia saini sheria ambayo jina lake kwa lugha yao linamaanisha hewa ni uhai. Imekataza tumbaku ya biashara, sigara za kielektroniki zikiwemo, mahali pa kazi na pa umma, hata kasino, na tumbaku ya ibada imeachwa nje ya katazo kwa maandishi. Sidhani ingepita wangelazimishwa kuchagua kati ya hewa na dua.

Kwa hiyo narekebisha hoja. Sigara zote marufuku mpaka getini, na plasta itolewe kabla ya onyo. Ibada yenye moto ipewe mahali pake penye mlango wa kutokea nje, mbali na wodi na mitungi ya oksijeni, na wazee wa kabila ndio waseme ipi ni ibada. Asemaa isiyochomwa isiguswe na sheria yoyote.

Kaka, bado unapinga? Kama unapinga, niambie mgonjwa aliye kufani, asiyeweza kurudishwa nyumbani, anayetaka kiko cha babu yake kiwashwe karibu naye mara ya mwisho, tumpeleke wapi.