Naomba ushauri: kupanga kazi na njia za mwanga kwenye gridi ya kompyuta

Wakuu, nimekwama. Naandika programu ya kugawa kazi kwenye gridi ya kompyuta, yaani kompyuta nyingi zinazosaidiana kazi, zilizounganishwa kwa faiba (nyaya zinazopitisha data kwa mwanga). Kazi zenyewe zinategemeana: B haianzi mpaka ipokee data ya A. Programu huchagua kwanza kompyuta itakayomaliza mapema, halafu ndiyo itafute njia. Hapo ndipo balaa linapoanza.

Kwenye jaribio la jana, terabaiti 2 zilitakiwa kupita njia ya gigabiti 10 kwa sekunde, yaani kama dakika 27 hivi. Data husafiri kwa rangi moja ya mwanga, ila rangi iliyokuwa wazi kipande cha kwanza cha njia ikakutwa imeshikwa na data nyingine kipande cha pili, na mtandao wangu hauna kifaa cha kubadili rangi katikati. Prosesa ikakaa bure, imeshawekewa nafasi, inasubiri data tu.

Nimeongeza njia mbadala tatu, afadhali kidogo. Mpango bora kabisa siuhitaji, kazi zikiwa nyingi hautafutiki kwa muda wa maana.

Je, nichague kompyuta na njia kwa mpigo mmoja, au nishike njia kwanza? Na mnaoweka nafasi mapema, mnaacha mwanya wa muda kiasi gani endapo A itachelewa? Nikiacha mkubwa, njia inalala bila kazi.