Siku nne baada ya theluji kuanguka, je, mteremko umeshatulia?

MgeniWaMilima: Ndugu zangu, ninaishi Colorado, na huu ni msimu wangu wa pili wa kuteleza kwa ski nje ya maeneo rasmi ya ski yanayosimamiwa. Theluji ya mwisho ilianguka siku nne zilizopita na mbingu imetakata, lakini taarifa ya maporomoko ya theluji bado inaonyesha hatari ya kiwango cha 3 kati ya 5. Jana tulichimba shimo, tukagonga nguzo ya theluji kwa mkono juu ya koleo, nayo ikavunjika kwenye pigo la 24 kati ya 30. Je, hilo halionyeshi uthabiti?

Kilele: Ndugu, tatizo halimo katika theluji mpya, bali katika ile ya Oktoba na Novemba iliyolala chini kabisa. Theluji ya huku huwa nyembamba na hewa ni baridi kali, ilhali ardhi hubaki karibu na nyuzi 0. Tofauti ya joto inapozidi takribani nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila sentimita 10 za kina, mvuke hupanda na kuzigeuza chembe kuwa punje zenye pembe, zisizoshikana, mfano wa sukari. Bamba, yaani tabaka la theluji iliyoshikana, likishajengeka juu ya punje hizo, udhaifu unaweza kudumu kwa wiki nyingi, hata jua likiwaka kila siku.

Kuhusu pigo la 24, ningependa kujua kwanza nguzo ilivunjika vipi. Ikiwa ilichomoka ghafla kwa uso laini, ningeihofia kuliko idadi ya mapigo inavyoonyesha. Aidha, shimo hueleza pale lilipochimbwa tu. Mimi hulitumia kunizuia, kamwe si kuniruhusu.

Koleo_na_Ufito: Naongeza la ukali wa mteremko. Maporomoko mengi ya mabamba huanzia kwenye miteremko ya digrii 30 hadi 45, kwa hiyo wakati kama huu mimi hubaki chini ya digrii 30, tena pasiwe na mteremko mkali juu yangu, kwa sababu tabaka hilo dhaifu la chini linaweza kufyatuliwa na mtu aliye bondeni. Mkisikia theluji ikinguruma na kushuka chini ya miguu, geukeni papo hapo.

MgeniWaMilima: Ahsanteni sana. Ilichomoka ghafla, na mteremko wenyewe una digrii 34. Jumamosi tutapita msituni, kwenye digrii 25.