Kozi za sayansi za wiki nane huku nafanya kazi usiku: nizibebe au nisubiri?

Neema_Houston

Habari zenu wakuu, na shikamoo kwa walionitangulia.

Mimi ni wa Mwanza, naishi Houston kwa grini kadi. Form Five na Six nilisoma ECA (uchumi, biashara na uhasibu), chuo kikuu nikachukua B.Com, kwa hiyo mimi na baiolojia tuliagana Form Four kwenye praktiko ya kupima wanga kwa ayodini. Sasa ni CNA, yaani nesi msaidizi, kwenye nyumba ya wazee, shifti tatu za usiku kwa wiki, saa moja hadi saa moja. Nimeamua kuomba masta ya uuguzi, ile inayopokea watu wenye digrii ya fani nyingine.

Kinachonikwamisha ni kozi za awali: Anatomia na Fiziolojia sehemu ya kwanza na ya pili, Maikrobiolojia, Takwimu, Lishe na Saikolojia ya Ukuaji. Komyuniti koleji ya karibu inazitoa zote kwa wiki nane, na kiangazi zipo mpaka za wiki tano. Nimepiga hesabu: Anatomia ya kwanza Januari, ya pili Machi, Maikro Juni, hizo nyingine nachomeka katikati. Agosti niko huru, Desemba natuma maombi. Nikifuata mihula ya kawaida, Desemba itanikuta bado niko darasani.

Mume wangu anasema nikaze, mwaka mmoja si mchezo kwa umri wetu. Nesi msimamizi wangu kazini anasema nitaumia. Aliyepita njia hii anishike mkono. Naomba kuwasilisha.

Msukuma_wa_Dallas

Dada Neema, piga kazi! Mimi Takwimu, MATH 1342, na Lishe, BIOL 1322, nilizimaliza kwa wiki nane nane, mtandaoni, huku naendesha Uber. Zote A. Video unasikiliza ukisubiri abiria uwanja wa ndege. Hawa wanaotisha watu siwaelewi. Wiki nane ni nyingi ukiwa na nia.

MamaSalha

Marahaba, Neema mdogo wangu.

Kaka hapo juu amesema kweli tupu, ila ni kweli ya Takwimu na Lishe. Hizo hazina maabara. Mimi ni wa Tanga, nilikuja huku na digrii ya uhasibu, nikapita njia hiyohiyo unayoiulizia, na sasa ni nesi wa ICU. Basi nikueleze ilivyo, ukiamua uamue ukijua.

Kwanza saa. Kozi ya krediti nne yenye maabara, kwa muhula wa wiki 16, ni takriban saa tatu za mhadhara na tatu za maabara kila wiki. Kawaida ya huku ni kwamba kila saa ya mhadhara inadai saa mbili za kusoma nyumbani. Ukiibana kwenye wiki nane, unakaa darasani saa 12 na kusoma nyumbani saa 12. Jumla 24, kwa kozi moja. Weka juu yake saa zako 36 za kazi, unafika 60, na hujapika wala hujafua. Ile ya wiki tano inakaribia saa 38 kwa wiki peke yake. Hiyo ni ajira nyingine kamili, ila hii unailipia wewe.

Tena kuna ile tabia tuliyotoka nayo nyumbani ya kusoma zimamoto. Tulizoea muhula mzima umelala, wiki ya mwisho unakesha na madesa, unatoka na B yako. Kwenye wiki nane mtihani unakuja kila baada ya siku chache. Usiku ule unaodhani utakesha kusoma, wewe uko zamu unageuza mgonjwa.

Na huku hakuna sapu, ule mtihani wa marudio. Hilo liweke kichwani kabla ya yote. Ukipata D unarudia kozi nzima, kwa ada nzima, na transkripti inaonyesha mara zote mbili. Programu nyingi za masta hazikubali chini ya C kwenye sayansi, nyingine zinataka B. Ukiona mambo yanakwenda mrama unaweza kujiondoa ukapata W, lakini kwenye muhula mfupi dirisha la kurudishiwa ada ni siku chache tu tangu darasa lianze. Mpaka ugundue umezidiwa, limeshafungwa.

Sasa kozi zenyewe, maana hazifanani.

Anatomia ya kwanza, BIOL 2401, ni seli, tishu, ngozi, mifupa, misuli na mishipa ya fahamu. Sehemu kubwa ni kukariri, na kukariri kunabanika kiasi. Ngoma iko kwenye mtihani wa maabara. Unaingia, meza zimezunguka chumba, kila meza ina mfupa au modeli ya plastiki yenye kibandiko cha namba. Mwalimu ameshika saa. Dakika moja, kengele, songa mbele. Meza moja niliyokutana nayo ilikuwa na fuvu lililopinduliwa, waya mwekundu umechomekwa kwenye tundu dogo chini kabisa. Je, ni foramen ovale au foramen spinosum? Yamepakana, moja kubwa, moja dogo, na kwenye dogo ndimo unamopita mshipa wa damu wa utando wa ubongo. Ukishajua bado uandike Kilatini chake bila kukosea hata herufi, maana tahajia inakatwa alama. Jambo kama hilo hulipati kwa kutazama picha ukiwa kitandani. Lazima ukalishike fuvu, na maabara ina saa zake za kufunguliwa, saa ambazo wewe unarudi nyumbani kulala.

Anatomia ya pili, BIOL 2402, ndiyo ninayokukataza kuibana. Humo mna homoni, damu, moyo, mapafu, figo. Haikaririki. Ukiulizwa mgonjwa anayetapika siku nzima damu yake inaelekea kwenye asidi au alkali, na mapafu yatafidia vipi, na figo zitafuata na nini, lazima mnyororo mzima uwe umetulia kichwani. Kutulia huko kunataka usingizi na siku za kupita katikati. Nakwambia hivi kwa sababu kila zamu yangu ICU naitumia BIOL 2402. Majina ya vifundo vya mfupa wa paja mengine nimeshayasahau na hakuna aliyedhurika, lakini potasiamu ya mgonjwa sithubutu kuisahau.

Maikro ndiyo mtego wenyewe, na watu hawauoni kwa sababu mhadhara wake ni mwepesi. Bakteria hawana habari kwamba muhula umefupishwa. Ukipandikiza kwenye sahani leo, unaiweka kwenye inkubeta nyuzi 37, unasubiri saa 24 mpaka 48, ndipo usome matokeo. Mwisho wa kozi nyingi mnapewa mrija wenye bakteria asiyetajwa jina, na kazi yako ni kumtambua kwa kipimo kimoja baada ya kingine. Kila kipimo ni kusubiri. Kwenye muhula mrefu unasoma sahani kipindi kinachofuata. Kwenye wiki tano unaweza kutakiwa urudi maabara hata siku isiyo na kipindi, na kosa dogo halina nafasi ya kurudiwa.

Na makosa ni rahisi. Chukua rangi ya Gram. Unapaka bakteria kwenye kioo, unakipitisha juu ya moto, kristali vayoleti, ayodini, unaosha kwa pombe, unamalizia na safranini. Gram chanya anabaki zambarau, Gram hasi anatoka waridi. Ugomvi wote uko kwenye ile pombe. Ukizidisha sekunde chache na huyo chanya anapauka, unamwona waridi, na kuanzia hapo unamfuata bakteria asiye wako mpaka mwisho wa ripoti. Mwenzangu mmoja mezani alilia machozi kwa hilo, mtu mzima na ndevu zake.

Kwa hiyo mimi ningepanga hivi. Januari hadi Mei, Anatomia ya kwanza kwa muhula mrefu, na Takwimu kwa wiki nane za mwisho, ukishauzoea mwendo. Kiangazi, Anatomia ya pili peke yake, kama kuna chuo karibu chenye muhula wa wiki kumi. Ukikosa, ya wiki nane, lakini uombe kazini wakupunguzie shifti moja. Septemba hadi Desemba, Maikro kwa muhula mrefu, pamoja na Lishe na Saikolojia za mtandaoni. Utasema Desemba Maikro itakuwa bado haijaiva. Sawa, lakini programu nyingi zinakubali uombe ukiwa na kozi moja au mbili zinazoendelea, bora umalize na kufaulu kabla ya kuanza masomo. Wengi wanakimbizana na tarehe ambayo haiwahusu. Waulize wa kwako.

Ukiwaandikia, uliza na haya. Je, wanapokea maabara ya mtandaoni? Wengine hawaipokei kabisa, hata kama chuo kilichoitoa kina ithibati. Kozi za sayansi zinahesabika kwa miaka mingapi? Kuna wanaosema mitano, wengine saba, wengine kumi. Na Maikro wanataka ipi, maana huku Texas kuna BIOL 2420 ya wanaoelekea afya na BIOL 2421 ya wanaosomea sayansi yenyewe. Halafu kwenye koleji yako angalia kama Maikro inadai kemia au baiolojia ya utangulizi kwanza. Kozi za awali nazo zina kozi zao za awali, na hapo ndipo ratiba nzuri za kwenye karatasi hufia.

Pesa: Pell, ule msaada wa ada wa serikali kuu, usiihesabu. Haitolewi kwa mwenye digrii ya kwanza, na B.Com yako ya nyumbani ni digrii. Hakikisha tu unasoma kwenye koleji ya wilaya unayoishi, ada ya nje ya wilaya ni kubwa zaidi.

Kip_Minnesota

Mama Salha ameongea vizuri, heshima zangu. Lakini niweke upande mwingine.

Mimi Maikro nilifanya kwa wiki tano kiangazi na nilipata A. Tofauti ni kwamba wiki hizo sikufanya kazi. Nilikuwa nimeweka pesa kando, nikabadilisha kazini niwe wa kuitwa tu wakipungukiwa, na simu nikaizima. Mke wangu alishika nyumba. Nilikuwa naamka na bakteria na kulala na bakteria, na kusema kweli, kusoma kitu kimoja tu kulinisaidia kuliko ule muhula ambao nilikuwa na kozi tatu zikinivuta huku na huku. Kwa hivyo swali si wiki ngapi, ni nani atalipa kodi ya nyumba wiki hizo.

Wanaofikiria PA (msaidizi wa daktari) kama mimi, mjue maombi yanapitia CASPA, mfumo wa pamoja wa maombi ya PA, na CASPA inahesabu kila mara uliyochukua kozi. Hata kama koleji yako imefuta C ya kwanza baada ya kurudia, kwao zote mbili zinaingia kwenye GPA. Haraka ikikuharibia hapo, inakufuata. Kitu kizuri ni kwamba saa za CNA programu nyingi za PA zinazihesabu kama saa za kuhudumia wagonjwa, kwa hivyo usiwahi kudharau zile shifti.

Na kwa wale wa F-1, viza ya wanafunzi, wanaosoma hapa kimyakimya: kozi ya mtandaoni inayohesabika kwenye mzigo wenu kamili ni moja tu kwa muhula, krediti tatu. Hii ratiba ya Neema ya kuchomeka za mtandaoni si yenu. Ongeeni na ofisi ya wanafunzi wa kimataifa kabla ya kujisajili.

Neema_Houston

Asanteni sana. Dada MamaSalha, nimesoma mara mbili, na hiyo ya 60 nimemsomea mume wangu kwa sauti. Amenyamaza, halafu akauliza hiyo Anatomia ya kiangazi itaanza lini ili apange likizo yake akae na watoto. Kaka Kip, kukaa bila kazi wiki tano siwezi, kodi ni yetu wote wawili.

Swali la mwisho. B.Com yangu ilikuwa na Takwimu za Biashara, nilipata B+. Naweza kuitumia badala ya MATH 1342? Na wanakubali transkripti ya nyumbani ilivyo?

MamaSalha

Mpe shemeji salamu zangu.

Transkripti ya nyumbani haiendi ilivyo. Unaipeleka kwenye tathmini, wengi wanatumia WES, shirika la kutathmini vyeti vya nje, na uchague ile ya kozi kwa kozi, si ile ya kutambua digrii tu, kwa sababu ya pili haitaji kozi wala alama. Chuo chako cha nyumbani ndicho kinachotakiwa kuituma moja kwa moja. Hapo mtafute mtu wa kukusimamia, ndugu au rafiki anayeweza kwenda dirishani kwa msajili na kukaa pale mpaka itumwe. Usitegemee simu. Mimi dada yangu ndiye aliyekwenda, akarudi, akaenda tena, ndipo ikatoka.

Takwimu za Biashara wapo wanaozipokea, na wapo wanaodai kila kozi ya awali iwe ya chuo cha Marekani. Waandikie udahili na uambatishe muhtasari wa kozi ile, mada baada ya mada. Kama ina uwezekano, mgawanyo wa kawaida, kupima nadharia tete na regresheni, una hoja ya kusimamia. Wakikataa unarudi kwenye mpango wa Takwimu za wiki nane, na msaada wa bure unao hapo juu: Msukuma wa Dallas, akiwa anasubiri abiria.

Msukuma_wa_Dallas

Nipo, dada. Njoo na kikokotoo cha TI-84, usinunue kipya, nina cha kukuazima.